Jiwe Lililala, Jiwe Lililazwa

Mukai aliandika taarifa yake mwenyewe, kurasa mbili za Kiingereza, kwa kalamu ya bluu, juu ya meza ya jikoni. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na elimu ya kidato cha pili, na hakuna kitu alichokuwa amekiandika tangu aache shule kilichompa fahari kama karatasi zile. Jirani yake wa hapo Kola, Ndambuki, alikuwa amemshtaki kwa msajili wa ardhi mjini Machakos. Alidai kwamba jiwe la mpaka kati ya mashamba yao lilikuwa limesogezwa hatua saba kuingia kwake, na kwamba aliyelisogeza ni Mukai, mwaka wa 2019, baada ya kufiwa na mumewe, Musyoka. Ndani ya hatua hizo saba kulikuwa na mtaro ambao Musyoka aliuchimba kwa mikono yake kuzuia udongo usiteremke na mvua, na miti minne ya avokado iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kuzaa.

Siku ya kusikilizwa, Ndambuki hakusema mengi. Aliyesimama kumsemea ni mwanawe Kimanzi, kijana wa miaka thelathini na kitu anayefanya kazi ya ofisini huko Syokimau. Kimanzi alikuwa na nakala ya taarifa ya Mukai, na mstari mmoja alikuwa ameupaka rangi ya njano. Akausoma kwa sauti: "In 2019, when the pipe men came, the stone was laid at the edge of my ditch."

Kisha akageukia Kiswahili ili kila mtu asikie. "Mwaka wa elfu mbili kumi na tisa, watu wa mabomba ya maji walipokuja, jiwe liliwekwa ukingoni mwa mtaro wangu. Liliwekwa! Mwaka uleule baba yangu anaosema. Si sisi tunasema, ni yeye mwenyewe."

"Sikuandika liliwekwa," Mukai alisema. "Niliandika lilikuwa limelala pale. Watu wa mabomba walilikuta limelala."

"Laid ni kuwekwa, mama. Muulize mtu yeyote."

Mukai alimtazama afisa aliyekuwa akisikiliza kesi, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Yule mama alisoma mstari ule mara mbili.

"Mama Kavata," alimwambia Mukai, akimwita kwa jina la binti yake, "hapo kijana anasema kweli. Vile umeandika, maana yake ni kwamba mtu aliliweka."

Mukai alihisi masikio yakimwaka moto. Alitaka kusema kwamba darasani, miaka ile, mwalimu wa Kiingereza alikuwa akimpa yeye insha asome mbele ya wenzake. Hakusema. Afisa akaeleza kwamba baada ya wiki nne angekuja shambani pamoja na mpima ardhi, na kwamba kabla ya hapo Mukai alikuwa na ruhusa ya kuleta taarifa nyingine ya kurekebisha ile ya kwanza.

"Unaweza kuandika kwa Kiswahili, hakuna shida," afisa alisema.

"Hata Kikamba," Kimanzi akaongeza chini kwa chini, na mtu mmoja nyuma akacheka.

Mukai akakusanya karatasi zake. "Nilikosea kwa Kiingereza," alisema. "Nitarekebisha kwa Kiingereza."

Alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Hidaya. Hidaya alikuwa na duka la vitabu na fotokopi karibu na msikiti, na kila Jumanne alichukua trei mbili za mayai kutoka kwa Mukai. Babu yake alikuja Machakos kutoka Malindi kuuza nguo, na familia haikurudi tena pwani. Kabla ya duka, Hidaya alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini, na watu wa mjini bado walimwita Mwalimu.

"Mwalimu, leo sijaleta mayai," Mukai alisema. "Niko na shida ya neno moja."

Akamwonyesha mstari. Hidaya alivuta kiti, akamkalisha, akasoma polepole. Hakucheka.

"Ulitaka kusema jiwe lilikuwa limelala."

"Ndiyo."

"Na ukaandika lililazwa." Hidaya alichukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, akaigeuza upande mweupe. "Sikiliza. Wewe unajua tofauti ya kulala na kulaza, au siyo? Mtoto analala, mama anamlaza. Anayelala, analala mwenyewe. Anayelaza lazima awe na kitu cha kulaza. Hata Kiingereza kina hayo mawili. Kulala ni lie. Kulaza, kuweka kitu kikalala, ni lay."

"Hapo nimeshika."

"Bado. Balaa liko jana." Akaandika kwa herufi kubwa. "Leo jiwe linalala, the stone lies. Jana jiwe lililala, the stone lay. Jiwe limelala tangu zamani, the stone has lain. Sasa njoo kwa kulaza. Leo ninalaza jiwe, I lay the stone. Jana nililaza, I laid. Nimelaza, I have laid."

Mukai alipitisha kidole juu ya maneno. "Lay iko mara mbili."

"Iko mara mbili. Ni kulaza ya leo, na ni kulala ya jana. Hapo ndipo watu wote wanapoanguka, hata wenye digrii. Hata mimi, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, niliiandika vibaya ubaoni na mkaguzi amekaa nyuma."

"Na kudanganya je? Si ni lie pia?"

"Ni lie pia. Lakini hiyo ni nyepesi. Lied, basi, haina matata."

Mukai akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba. "Niandikie maswali," alisema. "Mengi."

Hidaya alimwandikia sentensi ishirini zenye mapengo. Alhamisi Mukai akazirudisha. Alikuwa amepata tisa.

"Tisa!" alisema, kana kwamba amepigwa kofi. "Mwalimu, nilikaa na hii kitu siku mbili."

"Umekaa nayo kichwani. Ipeleke nyumbani ikafanye kazi."

Basi akaipeleka kwa kuku. Alikuwa na kuku sitini wa mayai, na asubuhi alipoingia bandani kuokota mayai alizungumza nao kwa Kiingereza. Kuku analala kivulini, the hen lies in the shade. Kuku anataga yai, the hen lays an egg. Maana Hidaya alimwambia kutaga nako ni lay, kuku naye anaweka kitu. Jana kuku yule alilala kivulini, lay. Jana alitaga, laid. Yule mwekundu mgonjwa amelala pale tangu asubuhi, has lain. Alipokosea alirudi mwanzo wa banda na kuanza upya, ndoo mkononi. Mama mmoja wa jirani aliyepita nje ya ua alisimama akauliza ni nani huyo anaongea na mzungu.

Jumamosi alipata kumi na tatu. Jumanne iliyofuata akapata kumi na mbili, akarudi nyumbani akizirudia njia nzima zile nane alizokosa.

Siku hiyo binti yake Kavata, ambaye ni muuguzi Kitui, alipiga simu. "Mama, si uandike kwa simu tu? Inarekebisha yenyewe. Ukikosea, inakupigia mstari mwekundu. Au unitumie mimi niandike."

"Na Kimanzi akiniuliza swali pale shambani, simu ndiyo itajibu?"

"Aiya, mama. Hakuna mtu atakuuliza grama shambani."

"Huyo ataniuliza. Nilimwona macho."

Wiki ya tatu, mambo yakakaa. Hayakuja yote kwa pamoja. Ijumaa moja alikuwa akipanga trei za mayai, akasema kwa Kiingereza kwamba alizilaza jana na kwamba zimelala hapo usiku kucha, laid, lain, na ndipo akagundua hakufikiria kwanza. Akarudia aone kama ni bahati. Haikuwa bahati. Kesho yake kwa Hidaya alipata kumi na tisa, na ile moja aliyokosa aliikosa kwa haraka, akaijua kabla Hidaya hajaweka alama.

"Sasa hayo ya vitabu yamekwisha," Hidaya alisema. "Andika ya jiwe lako."

Mukai akachukua kalamu. Aliandika, kwa mwandiko mzuri: The stone has lain there since 1974. Jiwe limelala pale tangu mwaka wa sabini na nne, mashamba yalipopimwa. Akaweka nukta. Kisha akabaki ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Kuna nini? Ni sawa kabisa," Hidaya alisema.

"Kiingereza ni sawa," Mukai alisema. "Lakini si kweli."

Akamweleza. Mwaka wa tisini na saba, mvua ile kubwa ya mwisho wa mwaka, maji yaliteremka kilimani na kuling'oa jiwe, yakalisukuma hadi njiani. Asubuhi mvua ilipokatika, Musyoka na baba yake Ndambuki, Mzee Mbithi, walilibeba wawili na kulirudisha. Mukai alikuwa pale, na mtoto mgongoni. Ndambuki naye alikuwa pale, na jembe. Wazee wenyewe, Musyoka na Mbithi, sasa wote walikuwa marehemu. Kwa hiyo jiwe halikulala tu. Liliwahi kulazwa.

"Ile siku ya ofisini nilisema limelala, limelala, na kwangu ilikuwa kitu kimoja," alisema. "Sasa najua ni mbili. Nikiandika has lain tangu sabini na nne, nitakuwa nimedanganya, na nitakuwa najua."

Hidaya alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Mimi nakufundisha kitenzi, Mama Kavata. Jiwe ni lako."

Jioni hiyo alimpigia Kavata akamwambia.

"Mama, usiandike hiyo," Kavata alisema. "Wanasema jiwe lilisogezwa, na wewe unawaletea siku lilipobebwa? Nani anajua hiyo habari isipokuwa wewe?"

"Ndambuki anajua."

"Na hatasema. Akisema, atakubali babake ndiye aliyeshika upande mmoja. Nyamaza tu, mama. Baba alichimba huo mtaro mwaka mzima. Unataka tuupoteze kwa neno?"

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma. Alikaa mlangoni akipukuchua mbaazi na kumfikiria Musyoka ndani ya mtaro ule, kichwa tu kikionekana, akirusha udongo juu. Musyoka hakuwa mtu wa kuiba ardhi. Kama jiwe alilirudisha vizuri, kwa nini mkewe afiche kwamba alilirudisha? Na kama hakulirudisha vizuri? Swali hilo lilimkalia kifuani mpaka mbaazi zikaisha. Alipoinuka, alikuwa ameamua. Aliandika ukurasa mmoja, hakumwonyesha Hidaya wala mtu mwingine, na Jumatatu akaupeleka ofisini kwa mkono wake.

Siku ya shambani ilikuwa ya jua kali. Walikuja afisa mwenye miwani, mpima ardhi na kijana wake wa kushika mti wa kupimia, Ndambuki, Kimanzi, na majirani kama kumi waliosimama upande wa njia. Jiwe lilikuwa palepale, kijivu, limezama nusu ardhini. Afisa alisoma taarifa mpya kwanza kimya kimya, kisha akampa Kimanzi nakala.

Kimanzi aliisoma akatabasamu. "Kwanza lilikuwa laid," alisema. "Sasa hapa juu ni lay, hapa katikati ni laid tena, hapa chini ni lain, na hapa was lying. Mama, hili jiwe moja lina maneno manne. Lipi ni la kweli na lipi ni lie?" Alitamka neno la mwisho taratibu, na baadhi ya watu wakaguna.

Mukai alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu.

"Yote ni ya kweli," alisema, "ukiyaweka kwa miaka yake." Akaanza kwa Kiingereza. "From 1974 the stone lay here. It lay, lenyewe, hakuna aliyeligusa. In 1997 my husband and your grandfather laid it. They laid it, mikono minne, baada ya maji kulitoa. Since that day it has lain here. In 2019 it was lying here, na watu wa mabomba walilikuta. Mara ya kwanza niliandika was laid kwa sababu sikujua. Hilo lilikuwa kosa. Halikuwa uongo. Mtu anayekosea na mtu anayedanganya si mmoja, Kimanzi. Hata kwa Kiingereza si neno moja."

Kimanzi alishusha karatasi. "Babu yangu?" alisema. "Hiyo habari ya babu yangu umeitoa wapi? Watu waliokufa hawawezi kujibu."

"Kuna mmoja hajafa," Mukai alisema. Akamgeukia Ndambuki, ambaye muda wote alikuwa ameegemea fimbo akitazama miguu yake. "Baba Kimanzi, ulikuwa na jembe. Ulitoboa shimo, wao wakateremsha. Mimi nilikuwa nimesimama hapo penye mkonge, na Kavata mgongoni analia. Sema kama ninadanganya."

Ndambuki hakuinua uso. Kijana wa mpima ardhi aliacha kucheza na utepe wake. Afisa aliuliza, bila haraka, "Mzee, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Ndambuki alisema.

"Baba!" Kimanzi alisema. "Hukuniambia."

"Nilikuambia jiwe halikurudi mahali pake. Nilikuambia hivyo tu." Sasa aliinua uso, na alimtazama Mukai, si mwanawe. "Siku ile nilimwambia baba, naona kama tumeliingiza kwetu kidogo. Baba akasema nyamaza, Musyoka ni jirani, kidogo ni nini. Nikanyamaza miaka hiyo yote. Huyu ndiye alikuja kupima kwa hatua zake akapata saba." Akamnyooshea Kimanzi kidole, kisha akakishusha. "Mimi nilitaka changu tu, hicho kidogo. Saba ziliponifikia nikaona, kumbe ni nyingi. Nikaachia, hata aliposema ni wewe uliyelisogeza."

Mukai alikuwa amejiandaa kwa kila swali la Kimanzi, hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Ungenijia," alisema. "Ungekuja hata kwa mlango wa jikoni ukaniambia."

"Kweli, ilinipasa nije," Ndambuki alisema.

Mpima ardhi alifanya kazi hadi saa nane, ramani imebanwa kwa mawe madogo juu ya boneti ya gari. Alipima kutoka njiani, akapima kutoka kona ya juu, akarudia. Kisha akamwita afisa, na afisa akawaita wenye mashamba. Jiwe lilikuwa limeingia kwa Ndambuki futi mbili na inchi chache. Si hatua saba. Mstari ulipita nje ya mtaro, nje ya miti ya avokado, na ukaukata mstari wa mkonge wa Mukai katikati.

Uamuzi ulikuja kwa barua baada ya siku kumi na saba, na ulisema hivyohivyo. Mkonge mingi ilibaki upande wa Ndambuki. Mukai aliing'oa hiyo, kwa kuwa ni yake, akaipanda upya kwenye mstari mpya, siku mbili za kazi ngumu, na mgongo ulimwuma wiki nzima. Ndambuki hakuja kusaidia, lakini siku ya pili mkewe alileta chai kwenye chupa, akaiweka juu ya kisiki, akaondoka kabla ya kushukuriwa. Kimanzi alirudi Syokimau. Kavata alipiga simu, akasikiliza yote, akasema, "Futi mbili, mama. Ungenyamaza zingebaki zetu."

"Hazikuwa zetu," Mukai alisema. "Mtaro wa baba yako uko pale. Njoo Desemba uuone."

Jumanne alipeleka trei mbili dukani. Hidaya alimwomba aione ile taarifa ya pili, maana sasa kesi ilikuwa imekwisha, na Mukai akaitoa kwenye mkoba. Hidaya aliisoma amesimama, akitikisa kichwa kwa kuridhika kila alipofika lay na laid na lain. Kisha akasimamisha kidole katikati ya ukurasa.

"Na hapa? 'The water bringed it to the path.'"

"Maji yalilileta njiani. Kuna kosa?"

"Brought," Hidaya alisema. "Hakuna bringed, Mama Kavata. Na afisa alisoma hivyohivyo?"

"Alisoma na Kimanzi alisoma. Hakuna aliyesema kitu." Mukai aliichukua karatasi akaitazama, na uso wake ukakunjamana kama siku ile ya ofisini, lakini kwa muda mfupi tu. Akavuta kiti mwenyewe bila kuambiwa, akachukua daftari jipya kutoka kwenye rafu, akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Niandikie maswali," alisema. "Na maneno yaliyobaki yanayogeuka hivyo, yote. Yako mangapi?"

"Ya hivyo?" Hidaya alifikiri. "Yapata mia mbili."

Mukai akaondoa kifuniko cha kalamu. "Basi tusichelewe," alisema.